Uzi wa Akiba: Ujasiri wa Mfumaji Hutoka Wapi?

Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, ambako matuta ya kabichi na njegere hupanda miteremko yenye ukungu, sweta ni nguo ya kazi, hasa mwezi Juni na Julai. Hata hivyo, marobota ya mitumba na mashine zinazofuma sweta za shule zimeishusha bei ya nguo hiyo kiasi kwamba mfumaji wa mkono ana kila sababu ya kubaki na mshono alioujua tangu mwanzo, na ndipo linapozuka swali iwapo woga wa kujaribu nakshi mpya ni udhaifu wa moyo au ni upungufu wa nyenzo.

Jibu moja limo katika uzi wa akiba, yaani uzi mwembamba wa pamba, wenye rangi tofauti na ile ya kazi, unaopitishwa kwa sindano butu ndani ya kila kitanzi kilicho kwenye sindano ya kufumia. Nakshi ya matundu hutisha kwa sababu matundu yake hutokana na kuzungusha uzi kwenye sindano na kuunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, hivyo kosa moja likifumuliwa, vitanzi hukimbia na ni vigumu kujua kipi kilitoka wapi. Uzi wa akiba ukiwapo, mfumaji huchomoa sindano, huvuta uzi wa kazi bila hofu, na mfumuo husimama pale pale ulipopita uzi ule, vitanzi vyote vikiwa vimeshikwa na vikisubiri kurudishwa. Hupitishwa kwenye mstari usio na nakshi, baada ya vitanzi kuhesabiwa na kuonekana sawa, nao husogezwa juu kila mzunguko wa nakshi unapokamilika. Kazi ikiisha, huchomolewa bila kuacha alama.

Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi na kufundisha Marekani, na ambaye kitabu chake Knitting Without Tears kilitoka mwaka 1971, aliusogeza mjadala mbele zaidi. Kwake, mfumaji ndiye bwana wa kazi yake, na maelekezo yaliyoandikwa ni ushauri wa kupimwa. Alihimiza pia kwamba kipande cha majaribio, ambacho hufumwa ili kujua vitanzi vingapi vinaingia katika upana fulani, kiwe kofia, kwa kuwa kofia hufundisha nakshi na kipimo kwa pamoja, kisha huvaliwa. Kwa kaya inayohesabu kila donge la uzi, na inayoamkia baridi ya mlimani, hoja hiyo ina uzito wa pekee.

Wasusi wa mikeka wanaijua hekima hiyo ya kujaribu bila kupoteza kazi nzima kwa njia nyingine, kwa sababu mkeka huanza kama ukili, utepe mrefu wa chane za ukindu unaoshonwa na mwenzake baadaye, na mkono unaojifunza huweza kuharibu utepe mmoja pasipo kuupoteza mkeka mzima.

Ujasiri, basi, huonekana kukua pale kosa linapokuwa na gharama ndogo. Lakini uzi wa akiba huokoa vitanzi tu. Saa zilizofumuliwa hauzirudishi. Mnunuzi aliyezoea bei ya mtumba atazilipa saa hizo? Na asipozilipa, nani atakayemlaumu mfumaji anayerudi kwenye mshono wake wa zamani?