Gari Langu Lilipoacha Kupiga Chafya

Subaru Forester yangu niliinunua kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama mji. Ilikuja na chafya yake. Kila nikiachia mafuta, chini ya boneti inatoka pshaa! Watoto wa jirani, pale Sinza, wakiisikia tu wanakimbilia kunifungulia geti. Mimi ni fundi cherehani. Sikujua mlio ule unatoka wapi, ila niliupenda kidogo, nisiseme uongo.

Vituko vikaanza. Nikikaribia taa za Morocco nikaachia mafuta, injini inataka kuzima. Ikisimama haishiki silensa, mshale unapanda na kushuka. Nyuma, moshi mweusi. Nilibadilisha plagi mara mbili kabla sijampata fundi aliyeuliza swali la maana: "Dada, hiyo pshaa umeiweka wewe au umeikuta?"

Alinieleza hivi. Tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili inavuta hewa na kuishindilia, na kasi yake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa hiyo ina joto, kwa hiyo inapozwa kwanza kwenye intakula, ile rejeta bapa iliyokaa juu ya injini, kisha inafika kwenye throto, mlango unaofunguliwa na mguu wako. Ukiachia mafuta ghafla mlango unafungwa, lakini feni bado inashindilia. Hewa inagonga mlango na kurudi kuipiga feni yenyewe. Utasikia turururu, kama njiwa anayeruka.

Pshaa yangu ilitoka kwenye valvu, ambayo ipo ili hewa hiyo ipate pa kutokea. Ndani ina springi na kiwambo cha mpira, na mpira mwembamba unaiunganisha na upande wa pili wa throto. Mlango ukifungwa, injini inaendelea kuvuta hewa upande huo. Mvuto unakiinua kiwambo, njia inafunguka.

Swali ni hewa inakwenda wapi. Valvu ya kiwandani inairudisha kwenye bomba la kuingilia tabo, kimyakimya. Ile ya kijana iliitema nje. Sasa, Forester ina sensa inayopima hewa mapema, ikitoka tu kwenye chujio, na kompyuta inatoa petroli ya kulingana na kipimo hicho: takriban gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa ikitemwa, petroli yake inamwagwa vilevile. Ni sawa na mimi kukata sare kumi wakati shule imeshapunguza oda kuwa nane.

Silensa nayo ilikuwa na sababu yake. Springi ya valvu ile ilikuwa imelegezwa mno, kwa hiyo hata gari likiwa limesimama valvu inabaki wazi kidogo na kunyonya hewa ambayo sensa haikuiona. Hili nililielewa bila kuelezwa mara mbili: kwenye cherehani, springi ya uzi ikilegea mshono unafanya mafundo, ikikazwa mno uzi unakatika. Valvu ikikazwa mno inagoma kufunguka, na yule njiwa anarudi.

Tulikwenda Gerezani, kwenye vipuri vya magari, kutafuta valvu ya kiwandani, mtumba wa Japani. Ya kwanza iling'aa. Fundi akachomeka kipande cha mpira kwenye kitundu chake, akavuta kwa mdomo, akaziba kwa ulimi. Ulimi ukaachia: kiwambo kimetoboka. Ya tatu, chafu ajabu, ilimshika ulimi hata nilipomwuliza kama inafaa akaishia kuniinulia kidole gumba.

Kuifunga hakukufika saa nzima. Injini ilipopoa, tulifungua bolti mbili kwa spana namba 12. Gasketi ya zamani aliikwangua kwa kipande cha plastiki, si bisibisi, kwa sababu intakula ni alumini na mkwaruzo ni njia ya hewa kuvuja. Akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kwa zamu, taratibu, maana nyuzi za alumini zikishavuliwa basi. Tulipotafuta pa kuunganisha mpira wa kurudishia hewa, tukakuta tundu limezibwa kwa kigingi: kipande cha mpini wa ufagio, kimepasuka katikati. Vumbi la njia yetu lilikuwa linapita hapo kwenda kwenye tabo bila kuonana na chujio. Kigingi kile ninacho mpaka leo, kwenye droo ya vifungo.

Mwisho alichomoa waya hasi wa betri kwa nusu saa, ili kompyuta isahau mazoea ya zamani.

Si kila gari lenye tabo linaumwa ugonjwa huu. Yale yanayopima mgandamizo wa hewa baada ya throto, badala ya kupima hewa inayoingia, hayadanganyiki kirahisi hivyo, na dizeli nyingi hazina valvu hii kabisa. Kwa hiyo kabla hujanunua mlio, uliza kwanza gari lako linapimia hewa wapi.

Langu sasa linashika silensa, na moshi mweusi umekwisha. Tatizo ni watoto wa jirani: hawanisikii tena nikifika. Inabidi nipige honi. Lakini honi, angalau, hainywi petroli.