Mjusi Asiyeyaendea Maji

Waarabu wa jangwani, walipotaka kusema kwamba jambo fulani hawatalitenda abadan, walisema watalitenda siku dhabu atakapokwenda kunywa maji. Na msemo huo, ambao msikilizaji wa pwani angeweza kuudhania kuwa ni wa kuchezea maneno tu, ulitoka kwa watu waliomtazama mnyama huyo kwa makini, wakamjua.

Dhabu ni mjusi wa majangwa ya Bara Arabu, na huko Oman aonekana katika nyanda za changarawe kama zile za Jiddat al-Harasis. Asidhaniwe kuwa ni kenge, maana kenge hula nyama, hali dhabu aliyekwisha kukua aghalabu hula majani, maua na mbegu. Urefu wake huweza kukaribia sentimita 70. Kichwa chake ni kifupi na butu mithili ya cha kobe, na mkia umezungukwa na safu za miiba migumu.

Asubuhi hungoja jua lipande, ndipo atoke, ngozi yake ikiwa ya kijivu iliyokoza, rangi inayovuta joto upesi. Na mwili ukishapata moto wa kutosha, rangi ile hufifia ikawa manjano au karibu na nyeupe. Adhuhuri ya kiangazi hurejea shimoni, handaki lenye kupindapinda alilolichimba mwenyewe katika ardhi ngumu, mita kadhaa kwenda ndani. Adui akimfuata humo, hujijaza pumzi mwili ukabana kutani, na mkia akauacha upande wa mlango, akiupiga huku na huku.

Maji basi huyapata wapi? Katika majani anayoyala. Walakin mimea ya jangwani ina chumvi nyingi, na figo za mjusi haziwezi kufanya mkojo uwe na chumvi kushinda damu yake. Mola amemjaalia tezi puani, ambazo huichuja chumvi na kuitoa, nayo ikikauka huacha unga mweupe kandokando ya matundu ya pua; na kwangu mimi unga huo ni ajabu kubwa kuliko miiba yote ya mkia.

Nyama yake huliwa tangu kale: Khalid bin Walid aliila mbele ya Mtume, ambaye mwenyewe hakuila wala hakuiharimisha. Lakini wa zamani walimwinda kwa miguu na kwa subira, na wa leo humwendea kwa magari, hata amekwisha kuadimika mahali pengi. Na hila mojawapo ya kumtoa shimoni, inayonihuzunisha kuliko zote, ni kummiminia maji mpaka handaki lijae.