Oili Sahihi kwa Injini Kuukuu za Petroli

Katika barabara zinazotoka Tabora kuelekea Urambo na Kaliua, uelekeo uleule uliofuatwa na wapagazi wa misafara ya Ujiji, bado yapo magari ya petroli ya miaka ya 1970 na 1980: Land Rover, Peugeot 504, Land Cruiser. Hubeba asali na mazao, na usiku huweza kumwahisha mjamzito kituo cha afya. Injini ikikwama porini, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Mara nyingi mmiliki huaminishwa kuwa oili ya bei kubwa ndiyo bora, akaondoka dukani na 5W-30 iliyokusudiwa injini za kisasa. Namba hizo zina maana. Ya kwanza, yenye herufi W, huonesha wepesi wa oili wakati wa baridi. Ya pili huonesha uzito wake ikiwa moto, kwa kipimo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Kwetu hakuna barafu, hivyo ya pili ndiyo ya kutazamwa zaidi. Katika injini iliyolika, nafasi kati ya vyuma vinavyosuguana imepanuka. Oili nyepesi ikipata moto hupenya upesi mno, presha hushuka na chuma hugusana na chuma. Kwa magari mengi ya umri huo 20W-50 inafaa; 15W-40 hutosha pale injini haijachoka sana. Kitabu cha gari, kikiwapo, ndicho chenye kauli ya mwisho.

Hata hivyo, oili nzito si dawa. Moshi wa bluu ni dalili kwamba injini inakula oili, aghalabu kwa sababu ringi za pistoni au sili za valvu zimekwisha. Kuongeza uzito huficha ugonjwa tu, jambo wanalolijua vyema baadhi ya wauza magari.

Tazama pia herufi za API kwenye lebo. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Daraja SF lilitosheleza injini za hadi mwaka 1988. SA na SB ziepukwe kabisa. Kwa pikipiki, ambazo nyingi klachi yake huloweshwa na oili ileile ya injini, itafutwe alama ya JASO MA, la sivyo klachi itateleza.

Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa haina lebo, na mnunuzi hana namna ya kujua anachotia. Nunua kopo lililofungwa, lenye alama ya TBS. Wakati wa kiangazi vumbi huchafua oili mapema, hivyo ibadilishwe kabla ya kilomita zilizoandikwa kitabuni, pamoja na filta yake, na filta ya hewa isafishwe.

Oili chafu isimwagwe chini wala mtaroni: mvua huisukuma hadi visimani na mabwawani. Wenye gereji waihifadhi katika madumu yenye vifuniko, mbali na vyombo vya maji na chakula, na wamwone Afisa Mazingira wa Halmashauri kuhusu namna ya kuiondoa.