Fahamu: Springi mpya hazikupi ruhusa ya kupakia zaidi
Pikapu nyingi zinazobeba magunia ya omena kutoka Mbita kwenda Homa Bay zimeongezwa bamba za springi. Gari halilalii tena nyuma, na mwenyewe huamini sasa anaruhusiwa kupakia zaidi. La. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinaweka kikomo: uzito uliotajwa na mtengenezaji wa chesisi, au ulioamuliwa na mkaguzi wa magari. Fundi hana mamlaka hayo, hata awe hodari vipi. Springi huinua bodi tu. Breki, ekseli na matairi ni yaleyale, na mzigo ukizidi, gari huchelewa kusimama. Hili linanitia hofu, kwa kuwa barabara hizo hutembewa na watoto wa shule. Mwone mkaguzi wa magari wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kabla ya kuongeza gunia.