Prado TX au TZ-G? Kwa nini gredi ya chini inaweza kukufaa zaidi Dodoma

Dodoma ni mji wa mashangingi. Tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yote inahamia huku, Land Cruiser V8 na Prado za vioo vyeusi zimekuwa sehemu ya mandhari, kuanzia Mtumba mpaka mitaa ya Kikuyu. Matokeo yake, mtu anayejichanga kununua 4WD yake ya kwanza anapima kila gari kwa kipimo cha shangingi. Viti vya ngozi vipo? Rimu ni inchi ngapi? Kioo cha juu kinafunguka?

Kipimo hicho kina kasoro moja kubwa. Shangingi la ofisi halilipiwi na anayelipanda. Mafuta, tairi, sevisi na spea ni za ofisi, na likichoka linapigwa mnada. La kwako likiwasha taa kwenye dashibodi, bili inakuja nyumbani.

Mjadala huu si mpya hata bungeni. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu alisema hadharani kwamba mashangingi yanamaliza fedha za umma. Juni 2022, kwenye bajeti ya 2022/23, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alipendekeza watumishi wengi wakopeshwe fedha wanunue magari yao na kuyatunza wenyewe. Hapo ndipo swali linapokuwa la kweli: kama hela ni yako, na kazi yako inakupeleka Bahi, Chamwino au Mpwapwa mara mbili kwa wiki, unanunua gari gani?

Wataalamu wa magari ya porini wana jibu linalowashangaza wengi. Nunua gredi ya chini.

Gredi maana yake nini

Toyota hutengeneza gari moja, kisha hulipanga kwa ngazi. Chukua Prado ya 150, iliyoanza kuuzwa 2009. Kwa soko la Japani, ambako mitumba yetu mingi hutoka, inaanzia TX, inapanda TX L Package, na juu kabisa kuna TZ-G. Land Cruiser kubwa za soko la Uarabuni zina GX, GXR, VX na VXR. Huku kwetu watu hutaja "VX" kama vile ni jina la gari, kumbe ni ngazi tu.

Sasa angalia kinachobadilika ukipanda ngazi. TX na TZ-G zina chesisi ileile ya chuma, magurudumu yote manne yanayovuta muda wote, gia ya nguvu ya 4L, na swichi ya kufunga difu ya kati. Hivyo vinne ndivyo vinavyokutoa kwenye tope. Ukiongeza hela unapata ngozi, mbao za dashibodi, taa nzuri zaidi, rimu kubwa zaidi, springi za hewa nyuma, na kompyuta za kukuchagulia jinsi ya kupita kwenye mawe au mchanga.

Injini ndiyo pekee ya kuiangalia tofauti. Kwenye Prado za miaka ya mwanzo, TX nyingi zina petroli ya lita 2.7, wakati TZ-G ina V6 ya lita 4.0. Hiyo ni tofauti halisi, hasa gari likijaa watu na mizigo. Usiichanganye na ngozi. Linganisha injini kwa injini, halafu ndiyo uulize mapambo yanakugharimu kiasi gani.

Kodi inazidisha kila mapambo

Hapa wengi hawapigi hesabu vizuri. Kodi za kuingiza gari hutozwa kwa asilimia ya thamani, na kila kodi inakaa juu ya nyingine.

Tuseme TZ-G imezidi TX kwa Sh milioni 10 kwenye thamani ambayo TRA inaikubali. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hivyo tofauti hiyo inakuwa milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 2,000 ni asilimia 10, unafika milioni 13.75. VAT ya asilimia 18 inaifikisha Sh milioni 16.225. Kwa maneno mengine, mapambo ya milioni 10 yamekula kodi ya zaidi ya milioni 6. Bado hujaweka tozo nyingine, wala ushuru wa uchakavu unaotozwa gari lenye umri wa miaka minane na kuendelea.

Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kiko mtandaoni, bure. Kabla hujamtumia wakala hela, weka gredi zote mbili uone. Ni kazi ya dakika tano kwenye simu.

Barabara ya Dodoma inataka nini

Lami zimeongezeka sana. Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera ni lami, Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa ni lami. Lakini ukiacha barabara kuu, kanda ya kati ina mambo yake matatu: vumbi la kiangazi, makorongo ya mchanga ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni makavu, na udongo mweusi wa mbuga ambao mvua za Desemba mpaka Aprili huugeuza kuwa gundi.

Kwenye mchanga, silaha ya kwanza ni tairi. Unapunguza upepo, tairi linatanuka chini, gari linaelea badala ya kuchimba. Ili ufanye hivyo unahitaji tairi lenye ukuta mrefu wa mpira kati ya rimu na ardhi. Rimu ya inchi 16 au 17 ya gredi ya chini inakupa ukuta huo. Rimu ya inchi 20 inavaa tairi jembamba kama mkanda. Ukipunguza upepo unakaribisha jiwe lipige rimu yenyewe. Inachekesha kidogo kwamba watu hununua TX halafu wanatafuta hela nyingine ya kuiwekea rimu kubwa.

Springi za hewa ni tamu kwenye lami. Lakini mpira wake ukitoboka, nyuma ya gari inakaa chini, na spea yake si kitu unachokikuta kwenye duka la kijijini. Springi ya chuma inaweza kuchoka, inaweza hata kukatika, lakini fundi wa Kibaigwa anaijua.

Hadithi ni ileile kwa mfumo unaoitwa KDSS, uliopo kwenye baadhi ya gredi za juu. Unatumia mafuta ya presha kulegeza na kukaza vyuma vinavyozuia gari lisilale kwenye kona. Ukiwa mzima, ni mtambo mzuri sana, hata porini. Ukianza kuvuja kwenye gari la mtumba la miaka 12, andaa mfuko.

Mkonga, gari lisilojipamba

Ukitaka kuona gredi ya chini ilivyofikishwa mwisho wake, tazama magari ya wagonjwa ya vituo vya afya vijijini, ya mashirika ya misaada, au ya watalii kule Arusha yenye paa la kunyanyua. Mengi ni Land Cruiser ya familia ya 70, ile hadtopu ambayo wengi huiita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele.

Familia hiyo ilizinduliwa 1984 na bado inatengenezwa. Inayopendwa zaidi huku ina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita mstari mmoja, bila tabo. Nguvu zake ni kama farasi 130 tu, chini ya magari mengi madogo ya kisasa. Ila pampu yake ya dizeli ni ya vyuma vitupu, haisubiri kompyuta iiambie la kufanya. Dizeli ya V8 ya Land Cruiser 200 ina nguvu maradufu, lakini inasukuma mafuta kwa presha kubwa mno kupitia nozeli zenye vitundu vidogo sana. Maji au uchafu kidogo kwenye dizeli ya madumu huko kijijini unaweza kuzimaliza nozeli hizo. Na hapo fundi hawezi kusikiliza kwa sikio. Anahitaji mashine ya kupimia.

Mkonga mrefu, aina ya 78, una tenki mbili za jumla ya lita 180. Yale yanayoagizwa kwa kazi za misaada huja mara nyingi na tairi za tyubu saizi 7.50R16 kwenye rimu za chuma. Zinaonekana za kizamani, lakini ni saizi inayotumika pia kwenye malori madogo, na mziba pancha yeyote mwenye gundi na kiraka anakurudisha barabarani.

Mashirika yenye hela ya kununua gari lolote duniani yanachagua hili lisilo na ngozi. Si kwa ubahili. Wanajua gari litaharibikia wapi, na nani atakuwepo siku hiyo.

Tahadhari moja kuhusu huo mkonga wenyewe: unazuia injini isinywe maji, basi. Hauzuii korongo lililofurika lisilisukume gari pembeni. Maji ya korongo yakija, hata gari zito hunyanyuka. Subiri yapungue, hata kama ni saa tatu.

Gredi ya chini inapokosea

Si kila mtu wa Dodoma anahitaji mkonga, na kuna watu ambao watajuta kuununua.

Kwanza, bei. Mkonga uliotumika haushuki thamani kirahisi, na unaweza kukuta mzee wa miaka 15 anauzwa ghali kuliko Prado safi. Kama safari zako ni Kikuyu, Majengo na Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, unalipia uwezo ambao hutautumia kamwe.

Pili, usalama. Hili ndilo zito zaidi. Mikonga mingi ya zamani haina eabegi wala mfumo wa kuzuia gari lisiteleze kwenye kona. Benchi za nyuma zinatazamana, na abiria wa pembeni hana kinga ya maana gari likipinduka. Kupeleka watoto Dar, takribani kilomita 450 za malori na mabasi, kwenye benchi hizo si uamuzi mzuri. Kwa familia, Prado TX ni jibu bora: ni gredi ya chini, lakini ina eabegi, kila kiti kinatazama mbele na kina mkanda.

Tatu, uchovu. 1HZ ikipanda mlima na mzigo inatembea taratibu, kelele zinaingia ndani, na usukani ni mzito. Kwa anayeendesha kila siku, hayo yana gharama yake.

Na si kila kitu cha gredi ya juu ni pambo. Difu ya nyuma inayofungwa ni kifaa cha kazi hasa, na kwenye baadhi ya magari haipo gredi ya chini. Kama njia yako ina udongo wa mbuga, itafute hiyo kwanza, hata ikikulazimu kupanda ngazi moja. Usipande ngazi tatu kwa ajili ya friji ya soda.

Kabla hujalipa

Nembo ya nyuma ya gari haitoshi. TX inaweza kubandikwa nembo ya TZ-G kwa bei ya chakula cha mchana. Angalia kibao cha chesisi, chukua namba ya modeli, itafute kwenye katalogi ya spea za Toyota. Itakuonyesha gredi halisi. Kwa gari linalotoka Japani, omba pia karatasi ya mnada.

Kisha toka kwenye lami. Muuzaji akikataa kwenda barabara ya vumbi, umeshapata taarifa. Weka 4L na usikilize: iingie bila kung'ang'ania, na taa yake iwake. Kwenye mikonga mingi lazima ushuke ukafunge loki za magurudumu ya mbele kwa mkono. Zizungushe mwenyewe, maana zikiwa zimeganda kwa kutu hiyo 4WD ipo kwa jina tu. Lala chini uangalie chesisi, hasa upande wa nyuma, kwa kutu au alama za kuchomelea.

Hela iliyobaki kwa kukwepa gredi ya juu ina kazi zake: tairi tano nzuri (la akiba likiwemo), pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye betri, kamba ya kuvutia, koleo, na filta ya dizeli ya ziada kwenye droo.