Bunduki ya nkambo inang'aa tena, lakini nani ataipiga?

Wandugu wa migodi, na ninyi mama mnaobaki nyumbani, leo hatuzungumzi mishahara. Tunazungumza bunduki. Huko Mulongo, kando ya Lualaba, familia moja imetengenezesha upya bunduki ya nkambo wao: ya Kiingereza, mitutu miwili, kalibre 12, yenye nyundo mbili za nje. Kifaransa kinaziita nyundo hizo mbwa, na kweli zinakaa pale nyuma kama mbwa wawili wanaongoja kuachiliwa. Mti umepakwa mafuta, chuma kinang'aa, majirani wamekuja kuitazama. Kijana wa kwanza wa ile nyumba alifukuzwa kwenye kampuni moja ya mgodi bila kulipwa hesabu yake ya mwisho. Kwake bunduki ile si pambo, ni mboga ya watoto. Boksi la masasi amekwisha kununua.

Hapo njo tunaposema: ngoja kwanza.

Bunduki ya zamani inabeba karatasi zake mwilini. Fungua, toa mitutu, igeuze, utazame chini. Ya Birmingham ina alama ndogo zenye taji. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Ya London ni ya zamani zaidi, 1637. Mule walijaza mtutu baruti kuliko kipimo cha kila siku, wakaupiga watu wakiwa wamejificha. Ukipona, unapigwa alama. Ni kazi ileile ya kupima tangi la kompresa kwa maji kabla ya kulitia hewa. Hakuna mwenzetu anayekubali kufanya kazi pembeni ya tangi lisilopimwa.

Ile ya Mulongo ina maneno mengine: NOT FOR BALL. Maana yake mtutu umebanwa mbele, kwa hiyo usitie risasi moja kubwa, tia chembe ndogo tu. Maneno hayo yalipigwa kati ya 1875 na 1887, kwa hiyo bunduki hii imezaliwa kabla ya Union Minière, kabla hata Msiri hajauawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Na kwetu watu wanapenda kutia chuma kimoja kizito kwa ajili ya mnyama mkubwa! Bunduki yenyewe inakataza, ila inakataza kwa Kiingereza.

Ilifikaje huku? Familia inasimulia kwamba nkambo alipewa na muzungu aliyemubebea mizigo. Inawezekana sana. Mwaka 1899 Mscoti Robert Williams alianzisha Tanganyika Concessions, na George Grey akaongoza watu wake kutoka kusini kutafuta shaba ya Katanga. Njia yetu ya kwanza ya reli nayo ilitoka upande wa Waingereza, ikafika Elisabethville mwaka 1910. Grey mwenyewe alikufa mwaka 1911 huko Nairobi, ameraruliwa na simba, na bunduki alikuwa nayo.

Mwafrika, yeye, hakutakiwa kupata silaha kama hiyo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Zikaachwa zile za jiwe la moto, zinazojazwa kwa mdomo, na baruti duni. Walisema ni kwa kuzuia biashara ya watumwa. Sisi tunaona pia kwamba aliyebaki na bunduki nzuri ni yule aliyekuja kuchukua shaba. Pupu wanazofua mafundi wetu mpaka leo ni ndugu za zile bunduki tulizoachiwa.

Turudi kwa mitutu, maana hatari iko pale. Chuma chake ni cha damasi: walisokota fito za chuma na feleji pamoja, wakazizungusha kwenye kyuma cha katikati, wakaziunga kwa moto na nyundo. Njo maana unaona michoro kama maji ya mtoni. Ni kazi nzuri kupita kiasi. Lakini kiungo kinaweza kuficha kutu ndani, na bunduki hii wakati wa Mai-Mai ilizikwa chini, imefungwa ndani ya plastiki, katika udongo wenye maji. Ilipotoka ilikuwa na mashimo mashimo. Fundi akapiga msasa mpaka mashimo yakapotea. Mashimo yakipotea, chuma nacho kimepotea. Mtutu wa namna hii, upande wa mbele, tangu ukiwa mpya unene wake haufiki milimita moja. Ukiukwangua, unabaki na nini?

Kuna jaribio la kwanza ambalo kila mtu wa chini ya ardhi atalielewa. Ning'iniza mitutu kwa kamba, igonge kidogo kwa kipande cha mti. Ikilia kama kengele, vizuri. Ikitoa sauti iliyokufa, utepe umebanduka au kuna ufa. Si hivyo tunavyogonga paa kwa baramini kabla ya kuingia? Ile ya Mulongo ililia vibaya mtutu wa kushoto. Na hata ingelia vizuri, kengele haionyeshi unene.

Kijana akatujibu: "Lakini masasi inaingia muzuri, shida iko wapi?" Swali lake ni la haki, na wengi watauliza hivyo. Tulipima chumba cha masasi: milimita 65. Boksi lake limeandikwa 70. Hiyo 70 ni urefu wa kartushi ikisha kufunguka; ikiwa imefungwa ni fupi, kwa hiyo inaingia na bunduki inajifunga bila shida. Ukipiga, mdomo wa kartushi unatafuta nafasi ya kufunguka, hauipati, nguvu inabanwa na kupanda. Juu ya hayo, baruti ya leo si ile nyeusi ya moshi ambayo mtutu huu ulipimwa nayo. Uliopimwa kwa baruti mpya unaandikwa NITRO au NP. Kwa bunduki za Liège, tafuta ELG ndani ya duara la yai, halafu PV chini ya simba. Usipoona PV, ile ni ya baruti nyeusi. Na mkono wa kushoto unashika palepale mtutu unapopasukia.

Mama wa nyumba hakungoja tumalize. Alichukua boksi la masasi akalifungia sandukuni, ufunguo kiunoni. Kijana alikasirika, na hasira yake tunaielewa: hakuomba bunduki, aliomba hesabu yake. Hiyo tunaifuatilia kwa inspekta wa kazi.

Kuna pia sheria. Ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka ruhusa kwa mwenye silaha, urithi au si urithi, na kuwinda kuna sheria yake ya mwaka 1982. Wazee wa huku wanakumbuka PAREC ya mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, iliyotoa baiskeli kwa mtu aliyeleta bunduki. Baiskeli zile zilibeba samaki. Anayetaka kulinda kumbukumbu ya nkambo apeleke silaha iandikwe, fundi atoe sindano za kupigia, halafu itundikwe ukutani.

Na kwa wenye kalibre 12 nzima na yenye karatasi: ukivuta na isilie, usiifungue palepale. Elekeza mitutu pasipo mtu, hesabu dakika moja nzima, ndipo ufungue huku uso umeuweka pembeni. Tundu la baruti likikataa mgodini hatulikimbilii. Na kartushi ni vilevile.