Paneli za mitumba: Pima kwanza ndipo upande paani

KWA mfugaji ambaye nguzo za stima zimeishia barabarani ilhali zizi lake liko bondeni, paneli ya sola iliyokwisha kutumika huonekana kama neema. Bei yake aghalabu huwa chini ya ile ya paneli mpya, na paa la zizi au banda la kuku tayari lipo, likipigwa na jua kutwa nzima. Kilichobaki, hudhani mfugaji huyo, ni ngazi na misumari tu.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina mapengo mawili. Kwanza, paneli kuukuu inaweza kuwa imepoteza nguvu bila kuonyesha dalili yoyote. Pili, banda la mbao halikujengwa kwa minajili ya kubeba chombo kinachozalisha umeme. Anayepuuza la kwanza hupoteza pesa. Anayepuuza la pili huenda akapoteza banda pamoja na mifugo iliyomo.

Ni kweli kuwa umri pekee si kasoro. Watengenezaji wengi wa paneli za silikoni huahidi kwamba baada ya miaka 25, paneli itakuwa ingali inatoa takriban asilimia 80 ya nguvu zake za awali. Paneli ya miaka 10 iliyotunzwa vyema basi ingali na maisha marefu. Swali ni kama ilitunzwa.

Anza kwa kuikagua. Kioo kikiwa na ufa, iache, kwa kuwa hakirekebishiki na maji ya mvua yatapenya hadi ndani. Tazama kama kuna viputo chini ya kioo au rangi ya kahawia juu ya seli. Kisha igeuze. Alama za kuungua mgongoni, au kisanduku cha nyaya kilichoyeyuka, ni ishara kwamba paneli hiyo ilipata joto kupita kiasi. Vilevile, jihadhari na paneli isiyo na kibandiko cha vipimo, maadamu huna cha kuilinganisha nacho.

<b>Volti hudanganya</b>

Wauzaji wengi huweka multimita kwenye paneli, wakamwonyesha mteja volti, na biashara ikaishia hapo. Huu ndio mtego mkubwa. Paneli ya wati 250 yenye seli 60 hutoa volti 37 hivi ikiwa haijaunganishwa na chochote. Volti hizo hupatikana hata siku ya mawingu, na hata paneli iliyochoka huweza kuzitoa. Kinachosema kweli ni ampea.

Ili kuzipima, chagua siku ya jua kali, karibu na saa sita mchana, na uielekeze paneli kwenye jua. Ifunike kwa blanketi zito, unganisha nyaya za multimita iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea 10 za umeme wa betri, kisha ifunue na usome. Ifunike tena kabla ya kuchomoa nyaya, la sivyo cheche zitaruka. Paneli ya wati 250 inafaa kukaribia ampea 8 au zaidi. Ile ambayo kibandiko chake kinataja zaidi ya ampea 10 isipimwe kwa multimita ya kawaida, kwani itaunguza fyuzi yake.

Njia bora zaidi ni kuzipanga paneli kadhaa za aina moja kando kwa kando, zikiegemea pembe moja, na kuzipima moja baada ya nyingine. Inayoachwa nyuma na wenzake itajifichua yenyewe.

Volti nazo zina habari yake. Ukipata 25 badala ya 37, theluthi nzima ya paneli imelala, na mara nyingi chanzo huwa ni diodi iliyokufa ndani ya kisanduku cha nyuma. Fundi anaweza kuibadilisha pale ambapo kisanduku hufunguka, lakini bei sharti ishuke.

Baada ya hapo, iunganishe paneli na mzigo unaoendana nayo, mathalani pampu ndogo, kisha uzidishe volti na ampea zinazopatikana wakati mzigo unafanya kazi. Hizo ndizo wati unazonunua. Tuseme paneli inauzwa Sh5,000. Kwa wati 250 za kibandiko, kila wati ni Sh20. Ikiwa kwa kweli haiwezi kupita wati 180, kila wati inakugharimu karibu Sh28. Linganisha bei hiyo na ya paneli mpya kabla ya kusema umeokoa pesa.

Usisahau pia kifaa cha kudhibiti chaji. Paneli ya seli 60 ikiunganishwa na betri ya volti 12 kupitia kidhibiti cha bei ya chini, volti zake huvutwa hadi zilingane na za betri. Ampea 8 kwa volti 13 ni wati 104 pekee, na zaidi ya nusu ya paneli hupotea. Kidhibiti cha aina ya MPPT, ambacho hugeuza volti za ziada kuwa ampea, ndicho kinachofaa.

<b>Upepo ni adui kuliko uzito</b>

Wengi huhofia kwamba paa litaporomoka. Paneli ya wati 250 ina uzito wa kilo 20 hivi, uliotandazwa juu ya zaidi ya mita mraba moja na nusu, na banda imara huuhimili. Hatari kubwa ni upepo. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuisukuma paneli ya ukubwa huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 75, na ukipenya chini yake huielekeza nguvu hiyo juu. Wakazi wa Kinangop wanaelewa vyema. Upepo wa huko ni mkali kiasi kwamba palipangwa kujengwa mitambo ya kuzalisha umeme kutokana nao, kabla ya mradi huo kufutwa mnamo 2016.

Kwa hivyo, chunguza mbao kabla ya kupanda. Chukua bisibisi uchome boriti, mbao zinazobeba mabati, na nguzo pale zinapoingia ardhini. Bisibisi ikizama kwa urahisi, mchwa au uozo umetangulia, na mbao hizo zibadilishwe kwanza. Banda likiwa limechoka mno, ni heri kusimamisha paneli kwenye nguzo zake zenyewe kando ya banda.

Reli za kushikilia paneli zifungwe kwenye mbao, kamwe si kwenye bati pekee. Bati la geji 30 lina unene wa robo milimita hivi na haliwezi kushindana na upepo. Tumia skrubu ndefu badala ya misumari, ambayo hung'oka polepole kila paa linapotikiswa. Zipitishe kwenye migongo ya bati, si kwenye mifereji yanamopita maji, na kila moja iwe na washa ya mpira. Fremu ya paneli huja na matundu yake. Kutoboa mengine kunaweza kuvunja kioo.

Acha nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, na bati la adhuhuri huchoma. Kwa kuwa Kenya imekatwa na Ikweta, mwelekeo wa paa si hoja kubwa mradi kivuli cha miti kisiifikie. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha ili mvua isafishe vumbi.

<b>Moto katika mbao</b>

Paneli haina swichi. Maadamu kuna jua, nyaya zake zina umeme, na cheche za umeme wa aina hii hazizimiki upesi. Ifunike wakati wote wa kazi. Viunganishi vilegevu au vya aina tofauti vilivyolazimishwa kuingiana hupata joto, na katika banda lenye nyasi kavu hilo latosha kuanzisha moto.

Weka fyuzi karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya. Pitisha nyaya ndani ya mabomba ya plastiki, kwa kuwa panya hawachagui. Kebo ya milimita mraba 6 ni bora kuliko ya 2.5 ambayo hupoteza umeme mwingi njiani. Kidhibiti kifungwe juu ya kipande cha bati au saruji badala ya ubao mtupu. Betri za maji nazo hutoa gesi inayoweza kulipuka, hivyo ziwekwe mahali penye hewa, mbali na lishe ya mifugo. Katika maeneo ya radi kama vile Kisii na Kakamega, fremu iunganishwe na ardhi kwa waya na fimbo ya shaba.

Isitoshe, sheria ina neno. Mafundi wa sola nchini huhitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), kwa hivyo itishe kabla ya kumkabidhi kazi. Mwombe muuzaji risiti inayoonyesha nambari ya paneli. Paneli huibwa, na kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu humwandama anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi.

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Si lazima iwe hivyo kwa paneli kuukuu. Iliyopimwa ampea, ikafungwa kwenye mbao nzima na kulindwa kwa fyuzi, inaweza kuliangazia zizi kwa miaka mingi. Asubuhi moja ya jua, multimita na bisibisi vyatosha kuamua kama yako ni ya aina hiyo.